Kushuka Lushoto na gari la oto: D peke yake haitoshi

Kupanda Lushoto ndani ya BMW au Benzi ya kisasa ni raha tupu. Shughuli iko kwenye kurudi. Kutoka Lushoto mjini mpaka Mombo ni kilomita kama 33 za kona juu ya kona, na humo unashuka karibu mita 1,000. Wengi huweka D kule juu, mguu kwenye breki, na kabla hawajafika Soni harufu ya kuungua imeshaingia ndani.

Tupige hesabu kidogo. Gari la kilo 1,800, zidisha kwa 9.8, zidisha kwa mita 1,000: unapata jouli milioni 17.6. Nishati hiyo inatosha kuchemsha ndoo mbili na nusu za maji, zile za lita 20. Ukisimama Mombo, yote lazima iwe imekwenda mahali. Upepo na matairi huchukua sehemu, ila kwa mwendo mdogo wa kwenye kona upepo hausaidii sana. Inayobaki inagawanywa kati ya breki na injini, na mgawaji ni wewe.

Breki zikipewa mzigo wote, joto hufika hadi kwenye mafuta ya breki, ambayo hunyonya unyevu polepole kadiri yanavyokaa. DOT 4 mpya inatakiwa isichemke chini ya nyuzi 230. Ikishanyonya maji, kama asilimia 3.7 hivi, kiwango kinachodaiwa ni 155 tu. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabanika, tofauti na mafuta. Unakanyaga, pedali inazama, gari linaendelea na safari yake.

Sasa injini. Ukiachia pedali ya mafuta gari likiwa ndani ya gia, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, nayo inakaidi. Injini za kisasa hukata kabisa mafuta wakati huo. Kwa hiyo anayeweka nyutro "kubana mafuta" anajidanganya: kwenye nyutro injini inaendelea kunywa ili isizimike, na breki zimebaki peke yao.

Ukiwa kwenye D, giaboksi hupenda kukimbilia gia za juu. Chukua ile ya ZF ya gia 8 ambayo BMW walianza kuitumia 2009: gia ya 6 ina uwiano wa 1.00, ya 3 ina 2.10. Kwa mwendo uleule, kwenye gia ya 3 injini inazunguka zaidi ya mara mbili, na inakushika kweli. Baadhi ya magari hujishushia gia yakihisi mteremko, lakini hayaioni kona inayokuja. Wewe unaiona. Tumia M, au kile kibonyezo cha kutoa nyuma ya usukani, na ushushe gia kabla ya kona. Ukishusha ghafla katikati ya kona, barabara imelowa na gari linasukumwa na magurudumu ya nyuma, mkia unaweza kuteleza, maana mteremko umeshahamishia uzito mbele.

Na kupanda je? Hapo aina ya giaboksi ina maneno yake. M5 ya 2011 ilikuwa na klachi mbili: hubadilisha gia upesi sana, lakini ukitambaa nyuma ya Fuso la kabeji, klachi inasuguana na kupata joto. M5 iliyofuata, ya 2017, ilihamia kwenye oto ya kawaida, ambayo wakati wa kuondoka hupitisha nguvu kupitia mafuta na haiumizwi na kutambaa. Kwa barabara hii mimi ningechagua hiyo, hata kama ningepewa zote mbili bure.

Ukinusa breki, tafuta sehemu pana uegeshe, uziache zipoe zenyewe. Usizimwagie maji: diski ya moto ikipoozwa ghafla inaweza kupinda au kupasuka.