Ramani ya Kwanza ya Mtoto Ianzie Mezani

Mara nyingi tunamfundisha mtoto ramani kwa kuanzia mbali. Tunatundika ramani ya dunia ukutani, kisha tunamtaka aonyeshe Afrika. Ataionyesha, kwa kuwa amekariri. Lakini mpe karatasi achore njia ya kutoka nyumbani hadi shuleni: nyumba zitasimama wima, zina milango na madirisha, na miti italala kandokando ya njia. Anachora anachokiona akiwa chini. Ramani inamtaka atazame kutoka juu, na hilo ndilo somo la kwanza.

Anzeni mezani. Panga kikombe, bakuli na kiberiti juu ya karatasi kubwa, mtoto avitazame kutoka juu, kisha apitishe penseli kuzunguka kila kimoja. Viondoe. Kikombe kimebaki duara lenye kishikio pembeni, kiberiti kimebaki mstatili. Kimo cha kikombe hakionekani tena, lakini mahali kilipokuwa panajulikana. Sasa mwite mtoto mwingine avirudishe vyombo kwa kufuata mchoro. Akivipatia, amesoma ramani.

Baada ya meza, chumba cha darasa. Hiki hakienei kwenye karatasi, sharti kipunguzwe, na hapo ndipo skeli inapohitajika. Tumieni daftari la hesabu lenye visanduku: hatua moja sakafuni, kisanduku kimoja daftarini. Kutoka mlangoni hadi ubaoni zikiwa hatua nane, mstari utapita visanduku vinane. Apime mtoto mmoja tu, maana hatua za watoto hazilingani. Aliyezoea hivi hatababaika baadaye akikutana na ramani ya 1:50,000, ambayo sentimita moja ni meta 500 ardhini.

Kwenye dira ndiko watoto wengi hupotoka. Kwa sababu ramani hutundikwa ukutani, wanadhani kaskazini ni angani. Ilazeni sakafuni, muigeuze mpaka mashariki yake ielekee jua linakochomoza. Mwezi Machi na Septemba, jua huchomoza karibu kabisa na mashariki halisi. Juni huelemea kaskazini, Desemba kusini. Waelezeni pia kwamba kaskazini kukaa juu ya karatasi ni makubaliano tu. Al-Idrisi, aliyekamilisha ramani yake ya dunia huko Sicily mwaka 1154, aliweka kusini juu.

Ufunguo uje mwisho, na alama wazibuni watoto wenyewe: duara la buluu kwa kisima, msalaba mwekundu kwa zahanati. Kisha wabadilishane michoro. Yule asiyeielewa alama ya mwenzake ndiye atakayemfundisha kwa nini ufunguo ni lazima.

Maarifa haya hayaishii kwenye mtihani. Katika mradi wa Ramani Huria, ulioanza Dar es Salaam mwaka 2015, wanafunzi wa vyuo vikuu walishirikiana na wakazi kuchora mitaa na mifereji yao ili kukabiliana na mafuriko. Kazi ya namna hiyo humtegemea mkazi anayejua maji hupita wapi na anayeweza kulionyesha hilo kwenye karatasi.

Basi, mwalimu na mzazi, msisubiri atlasi. Penseli, daftari la visanduku na uwanja wa shule vinatosha kuanza wiki hii.