Kuunganisha Majengo kwa Redio (Sehemu ya Pili): Kilomita za Kwenye Boksi

Juma lililopita tuliona kwa nini kebo ya kawaida ya mtandao haifai kuvuka uwanja mkubwa. Ukomo wake ni mita 100, na waya wa shaba unaotoka jengo moja hadi jingine hukaribisha radi kote kuwili. Mkongo ni bora kuliko vyote, lakini kuchimba mtaro wa kilomita nzima, pengine kukatiza barabara na shamba la jirani, ni gharama inayozishinda shule na zahanati nyingi. Leo tuzichague redio zenyewe.

Dukani utaonyeshwa maboksi yaliyoandikwa kilomita 5, kilomita 15, hata zaidi. Hizo ni kilomita za mahali pasipo kizuizi chochote. Mwaka 2007 huko Venezuela, Ermanno Pietrosemoli na wenzake walivusha data kilomita 382 kwa vifaa vya Wi-Fi vya bei nafuu, lakini walirusha kutoka mlima hadi mlima. Huku kwetu mwembe mmoja wenye majani mabichi unaweza kuyadhoofisha mawasiliano ya mita 300, kwa sababu maji yaliyomo kwenye majani huyanyonya mawimbi. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, jua kilichopo katikati.

Tuchukue shule ambayo maabara yake ya kompyuta iko kilomita 1 kutoka ofisini. Katika masafa ya gigahezi 5.8, umbali huo hupunguza mawimbi kwa takriban desibeli 108. Redio ndogo inayotuma miliwati 100, ikiwa na antena ya desibeli 13 kila upande, itapokelewa kwa kiwango cha karibu -62 dBm, na hicho kinatosha kwa kazi nzuri. Antena za namna hiyo zimo ndani ya vifaa vya chini kabisa katika orodha ya bei, kama CPE510 ya TP-Link. Muuzaji akikusukumia sahani kubwa ya desibeli 23 kwa umbali huo, mwulize sababu. Sababu ya haki ipo moja: mjini, ambako kila paa lina redio, sahani hupokea kutoka upande mwembamba tu, hivyo haisumbuliwi sana na kelele za majirani. Kijijini huko ni kupoteza pesa bure.

Jambo linaloangusha watu wengi ni kudhani kwamba kuonana kwa macho kunatosha. Mawimbi hayapiti katika mstari mwembamba. Hupita katika eneo lenye umbo la muhogo, nene katikati na jembamba nchani, linaloitwa eneo la Fresnel kwa jina la mwanafizikia Mfaransa Augustin-Jean Fresnel, aliyefariki mwaka 1827. Kwa shule yetu, unene huo katikati ya njia ni mita 3.6 kila upande wa mstari, na angalau asilimia 60 yake, yaani kama mita 2.2, iwe wazi. Ukitumia gigahezi 2.4, mita 3.6 zinakuwa 5.6, na nguzo nazo lazima zirefuke. Ukingo wa paa la bati ukiingia humo, data itayumba ingawa unaliona jengo la pili vizuri kabisa.

Ndiyo maana mimi napendekeza gigahezi 5 kwa majengo mengi. Masafa ya 2.4 hupenya majani kidogo zaidi, lakini yamejaa Wi-Fi za kila nyumba. Zipo pia redio za gigahezi 60, zenye kasi kubwa mno. Hizo hewa ya oksijeni yenyewe huzimeza kwa desibeli kama 15 kila kilomita, na mvua kubwa huongeza hasara. Ziache kwa majengo yaliyo karibu.

Kuhusu kasi, soma pia maandishi madogo. Redio iliyoandikwa megabiti 300 mara nyingi ina tundu la kebo la megabiti 100 tu, na tena redio hutuma na kupokea kwa zamu, hivyo usitarajie nambari ya kwenye boksi. Kwa maabara ya kompyuta 20 zinazotumia intaneti moja ya kawaida, hilo si tatizo. Kwa kamera nyingi za ulinzi, tafuta yenye tundu la gigabiti.

Nunua mbili za aina moja, na uhakikishe zimeidhinishwa na mamlaka, TCRA kwa Tanzania au CA kwa Kenya. Angalia na umeme wake, unaopita kwenye kebo ileile ya data. Zipo za volti 24 na za volti 48. Adapta zikibadilishana, kifaa kinaweza kuungua siku hiyohiyo.

Inaniuma kuona taasisi ikimaliza bajeti yote kwenye redio za kifahari, kisha ikazifunga kwenye mti wa mkaratusi kwa kebo ya ndani ya nyumba. Jua huila kebo hiyo, na upepo huupeleka mti huku na huko. Pesa uliyookoa kwenye redio iende kwenye nguzo ya chuma isiyotikisika, kebo ya nje yenye kinga, waya wa ethi uliozikwa sawasawa na kizuia radi kila upande. Walio Pwani waongeze skrubu zisizoshika kutu, maana chumvi haichelewi.

Juma lijalo tutapanda paani kuelekeza antena na kuweka nywila.