Gitaza: Usimuulize muuza samaki kama amefurahi, muulize kama ameridhika

GITAZA, Burundi — Samaki anayeitwa mgebuka kule Kigoma, hapa ni mukeke. Dagaa ni ndagala. Mfanyabiashara anayepita barabara ya Bujumbura hadi Rumonge huyazoea majina hayo kwa siku moja. Linalochelewa kuzoeleka ni neno la furaha, na ndilo linaloweza kumtia mtu hasara.

Chukua mnunuzi kutoka Kampala au Nairobi aliyezoea kufanya biashara kwa Kiingereza. Katika lugha hiyo, kumuuliza mtu kama yuko "happy" na bei ni kuuliza kama amekubali. Akiligeuza swali hilo neno kwa neno, "Mama, umefurahi na bei?", mama anaweza kumjibu kwa adabu, "Nimefurahi, karibu sana." Mnunuzi anadhani wamemalizana. Kumbe mama amemkaribisha mgeni tu; bei yake iko palepale.

Kiingereza kimelibebesha neno moja mizigo mingi. "Happy" limetokana na "hap", neno la kale lenye maana ya bahati. Mwanzoni, mtu "happy" alikuwa mwenye bahati. Baadaye likabeba furaha, kisha kuridhika, hadi kukubali bei.

Kiswahili kimeigawa mizigo hiyo: bahati, furaha, raha, radhi. Ajabu ni kwamba ndugu wa maneno hayo wako mbali, Uzbekistani, katika Asia ya Kati. Kwa Kiuzbeki, furaha ya maisha ni "baxt", neno lenye asili ya Kiajemi, na ndilo hilo hilo lililotufikia sisi kama bahati. Kwao limekuwa jina la maisha mema. Kwetu limebaki kwenye kudra. Mtu anayekubali jambo, Wauzbeki husema yuko "rozi". Hilo lina mzizi mmoja wa Kiarabu na radhi yetu. Muuzaji wa Tashkent na wa Kigoma, wasiojuana kabisa, wanafunga biashara kwa neno la ukoo mmoja.

Kirundi nacho kina mgawanyo wake. Furaha ni "umunezero", na ndani yake inasikika "neza", yaani vizuri. Bahati ni "amahirwe". Pia mtu aliyebahatika husemwa kuwa "agira Imana", ana Mungu. Msemaji wa Kiswahili akisikia Imana hufikiria imani, akadhani anahubiriwa, kumbe mwenzake anamwambia tu kwamba ameokota bei nzuri. Kukubali ni "kwemera", neno jingine kabisa.

Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na forodhani karatasi zina utaratibu wake. Lakini kwenye mwalo, mzigo wa ndagala au dumu la mawese mara nyingi hununuliwa kwa maneno matupu. Hapo neno ndilo mkataba, na likikosewa, ugomvi huja wakati wa kuhesabu fedha.

Kwa hiyo, ndugu mfanyabiashara, tabasamu la muuzaji lipokee kama ukarimu. Kabla ya kupakia mzigo, muulize: "Mama, umeridhika? Tumepatana?" Kisha itaje bei kwa tarakimu, ukitaja na sarafu, faranga au shilingi. Akiirudia kwa kinywa chake, hapo mmepatana. Furaha itafuata yenyewe.