Paa lipewe nafasi ya kusogea

Kila mwaka kiangazi kinapokolea, mafundi wa Kolwezi, mkoani Lualaba, huitwa kwa kazi ileile: kuziba ufa uliofunguka pale dari inapokutana na ukuta. Saruji inakorogwa, ufa unazibwa, rangi inapakwa, na kiangazi kinachofuata ufa umerudi palepale. Lawama humwangukia fundi, au saruji, au bati lililonunuliwa kwa bei rahisi. Mimi naona kosa liko kwingine. Tunajenga paa kana kwamba ni kitu kilichotulia, kumbe mbao na mabati vinatembea mwaka mzima, na tukivibana visitembee vinapasua chochote kilicho dhaifu zaidi karibu navyo.

Mbao ndiyo inayosogea zaidi. Mti uliokatwa juzi umejaa maji, nayo yakishuka chini ya takriban asilimia 30 ya uzito wa mbao kavu, ubao huanza kusinyaa. Urefu haubadiliki kwa kiasi cha kuonekana, ila upana na unene hupungua: ubao wa sentimita 15 uliopigiliwa ukiwa mbichi unaweza kupoteza milimita 5 hadi 9, na mkaratusi ni miongoni mwa miti inayosinyaa na kujipinda zaidi. Kolwezi, juu ya mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, kuanzia Mei hadi Septemba mvua karibu hainyeshi kabisa na hewa hukauka. Paa lililoinuliwa Machi kwa mbao mbichi humaliza kukauka likiwa tayari limefungwa, na dari iliyogandishwa ukutani kwa plasta haina pa kwenda. Ukipanda juu wakati huo utaona vichwa vya misumari vimeinuka kidogo juu ya bati. Msumari haukupanda, ni mbao iliyosinyaa chini yake. Mvua ya kwanza inaingia kupitia uwazi huo.

Bati nalo lina safari yake ya kila siku. Usiku wa Juni na Julai joto linaweza kushuka chini ya nyuzi 10, na saa saba mchana bati lililo juani likapita nyuzi 55. Kwa tofauti ya nyuzi 45, bati la chuma la mita 6 hurefuka kwa zaidi ya milimita 3. La alumini hurefuka karibu mara mbili ya hapo. Ile milio ya ghafla inayosikika jua linapofunikwa na wingu ni bati likijivuta dhidi ya misumari. Kila mvuto hupanua tundu kidogo, hata mpira wa kuzuia maji ushindwe kulifunika. Kwa hiyo tundu litobolewe kubwa kidogo kuliko skrubu, mpira uwe mpana, na skrubu ikazwe hadi mpira uguse bila kupondeka. Darini, acha uwazi wa milimita 5 ukutani, kisha uufunike kwa ukanda wa mbao uliopigiliwa upande wa ukuta peke yake, ili dari iteleze nyuma yake.

Kuna watakaosema paa lililolegezwa hivyo litang'olewa na upepo wa mvua za Novemba. Hofu hiyo ni ya haki, lakini upepo unanyanyua, na kinachozuia kunyanyuliwa ni kenchi kufungwa kwa chuma kilichozamishwa ndani ya zege la juu ya ukuta, na skrubu za kutosha. Nafasi ya bati kuteleza milimita chache haiondoi nguvu hiyo. Wengine watasema mbao kavu ni ghali. Basi inunuliwe mbichi mwezi wa Mei, ipangwe kivulini kwa vijiti kati ya ubao na ubao ili hewa ipite, na kipande kimoja kipimwe uzito kila wiki. Uzito ukiacha kushuka, mbao iko tayari. Kiangazi cha Lualaba kinakausha bure.

Pingamizi zito zaidi ni la migodi. Wakazi wa mtaa wa Gécamines, jirani na shimo la machimbo, wamelalamikia kuta zinazopasuka, na katika mtaa wa Kasulo, baada ya kobalti kupatikana mwaka 2014, watu walichimba hadi chini ya nyumba. Nyufa hizo ni za kweli, na kumwambia mwenye nyumba kwamba ni mbao tu zimesinyaa ni kumdhulumu. Ndiyo maana kuzitofautisha ni muhimu. Ufa wa paa hufuata mstari wa dari, hupanuka kiangazi na kupungua masika. Ufa wa ardhi mara nyingi hukata mshazari kutoka pembe ya dirisha au mlango, hushuka kuelekea msingi, na masika ikija haujifungi. Chora mstari wa penseli ukivuka ufa, andika tarehe na upana wake, rudia kila mwezi kwa mwaka mzima kabla ya kugusa saruji. Mwenye kumbukumbu hizo ana jambo la kuweka mezani siku atakapodai fidia, na fundi atajua kama anaitiwa dari au msingi.