Kinywaji cha kuongeza nguvu

Kinywaji cha kuongeza nguvu (pia: kinywaji cha nishati, mitaani huitwa enaji) ni kinywaji baridi kisicho na kilevi ambacho hutiwa kafeini nyingi kuliko soda ya kawaida, pamoja na sukari au vitamu mbadala, vitamini za kundi B na mara nyingi taurini. Huuzwa katika makopo au chupa ndogo za plastiki, kwa ahadi ya kuondoa uchovu na kumfanya mnywaji awe macho.

Kinywaji hiki ni tofauti na kinywaji cha wanamichezo, ambacho hutengenezwa kwa maji, chumvi na sukari kiasi ili kurudisha kile kilichotoka mwilini kwa jasho. Tofauti hiyo husahaulika mara kwa mara. Kijana anayetoka uwanjani akiwa na kiu hununua chupa ya enaji akidhani anarudisha maji mwilini, kumbe anaongeza kafeini juu ya moyo ambao tayari unakwenda mbio.

Jina na maana yake

Jina lenyewe hupotosha kidogo. Katika elimu ya lishe, nguvu ya mwili hutokana na chakula, na ndani ya kinywaji hiki kitu pekee kinachotoa nguvu ya namna hiyo kwa kiasi cha maana ni sukari. Kafeini haina nguvu yoyote ya kuupa mwili. Kazi yake ni kuuzuia ubongo usitambue kwamba umechoka.

Mtu akiwa macho, ubongo hukusanya polepole kemikali iitwayo adenosini. Kemikali hiyo hukaa katika vipokezi maalumu vya seli za neva na kuleta usingizi. Kadiri saa zinavyopita ndivyo inavyozidi. Molekuli ya kafeini ina umbo linalofanana na la adenosini, hivyo huwahi vipokezi vile, kama abiria aliyewahi kiti ndani ya daladala, na adenosini hubaki imesimama. Haijaondoka. Kafeini inapopungua, adenosini yote iliyokuwa ikisubiri hukaa mahali pake, na uchovu humwangukia mtu kwa mkupuo.

Kwa mtu mzima wa kawaida, mwili huchukua takriban saa tano kuondoa nusu ya kafeini iliyoingia. Mwanafunzi anayekunywa kopo lenye miligramu 160 saa kumi jioni bado ana kama miligramu 80 damuni saa tatu usiku, sawa na kopo dogo zima. Kwa mjamzito, na kwa mwanamke anayetumia baadhi ya vidonge vya kupanga uzazi, muda huo huwa mrefu zaidi.

Historia

Vinywaji vya kuchangamsha mwili vilianza katika maduka ya dawa. Nchini Uingereza, mfamasia mmoja wa Newcastle alitengeneza mwaka 1927 kinywaji cha glukosi kwa ajili ya wagonjwa, ambacho baadaye kilijulikana kama Lucozade. Nchini Japani kampuni ya dawa ya Taisho ilitoa Lipovitan D mwaka 1962, katika chupa ndogo mfano wa chupa ya dawa ya kikohozi, ikiwa na taurini na vitamini.

Kutoka Japani wazo hilo lilifika Thailand. Huko Chaleo Yoovidhya alitengeneza katika miaka ya 1970 kinywaji kilichoitwa Krating Daeng, ambacho wanywaji wake wakubwa walikuwa madereva wa malori na vibarua wa zamu za usiku. Mfanyabiashara wa Austria, Dietrich Mateschitz, alikionja akiwa safarini, akaingia ubia na mwenyewe, akakiongezea gesi na kukirekebisha ladha. Red Bull ilianza kuuzwa Austria mwaka 1987 na kuingia Marekani mwaka 1997. Matangazo yake hayakuwalenga tena vibarua waliochoka, bali vijana wapenda michezo ya hatari, muziki na mbio za magari. Kampuni nyingi zilizofuata zimepita njia hiyohiyo.

Viambato

Kopo la Red Bull la mililita 250 lina miligramu 80 za kafeini na takriban gramu 27 za sukari. Monster ya mililita 500 ina miligramu 160 za kafeini na takriban gramu 55 za sukari. Kijiko cha chai kikihesabiwa kuwa na gramu 4, kopo la kwanza lina karibu vijiko saba na la pili karibu vijiko kumi na vinne. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari inayoongezwa katika vyakula na vinywaji isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani kama gramu 50 kwa mtu mzima, na ikiwezekana ishuke hadi gramu 25.

Taurini imezua uvumi mwingi. Ilipatikana kwa mara ya kwanza mwaka 1827 katika nyongo ya ng'ombe, na jina lake linatokana na neno la Kilatini lenye maana ya fahali. Kutokana na jina hilo watu wengi husema kwamba hutolewa katika viungo vya uzazi vya fahali. Si kweli: taurini ya viwandani hutengenezwa kwa kemikali, na mwili wa binadamu wenyewe huitengeneza. Imo pia katika nyama na samaki. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya iliichunguza mwaka 2009 na haikuona hatari katika kiasi kinachotiwa kwenye vinywaji hivi.

Kipimo salama cha kafeini

Mwaka 2015 mamlaka hiyohiyo ilitoa maoni ambayo mpaka leo hutumiwa na nchi nyingi. Kwa mtu mzima mwenye afya, kafeini isiyozidi miligramu 200 kwa mara moja, na 400 kwa siku nzima, haileti wasiwasi. Kwa mjamzito ni 200 kwa siku. Kwa watoto na vijana ilipendekezwa kipimo cha miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku.

Kipimo hicho cha mwisho kinastahili kupigiwa hesabu. Mtoto wa shule ya msingi mwenye kilo 30 ana kikomo cha miligramu 90. Kopo dogo la miligramu 80 linakikaribia. Kopo kubwa la 160 linakipita kwa mbali, na hapo bado chai ya asubuhi na soda ya mchana hazijahesabiwa. Baba yake mwenye kilo 75 akinywa kopo lilelile hana tatizo.

Kikombe cha kahawa cha mililita 200 kina kafeini inayokaribia miligramu 90, na kikombe cha chai ya rangi kama 50. Watu huuliza basi kwa nini enaji ilaumiwe kuliko kahawa, na swali hilo ni la haki. Tofauti ipo zaidi katika namna ya kunywa. Kahawa chungu ya barazani ni ya moto, huja katika kikombe kidogo, na hunywewa polepole kwa kashata na mazungumzo. Watoto wenyewe huikwepa kwa uchungu wake. Enaji ni baridi, ni tamu, na huweza kumalizwa kwa mikupuo michache. Mtu mwenye kiu huongeza chupa ya pili bila kufikiri.

Madhara kwa afya

Dalili za kafeini kuzidi ni mikono kutetemeka, moyo kwenda mbio, wasiwasi, kichefuchefu na kukosa usingizi. Mtu aliyezoea kunywa kila siku akiacha ghafla hupata maumivu ya kichwa na uchovu, ambavyo huanza ndani ya saa 12 hadi 24. Wengi huyatafsiri maumivu hayo kuwa ishara kwamba mwili unahitaji chupa nyingine.

Kuhusu moyo, jaribio moja lililochapishwa Marekani mwaka 2019 liliwashirikisha watu 34 wenye afya njema, wenye umri wa miaka 18 hadi 40. Walikunywa karibu lita moja ya kinywaji cha kuongeza nguvu ndani ya saa moja, na siku nyingine wakanywa kinywaji cha mfano kisicho na kafeini. Baada ya kinywaji halisi shinikizo la damu lilipanda, na vipimo vya umeme wa moyo vikaonyesha kwamba moyo ulichukua muda mrefu zaidi kujitayarisha kwa pigo linalofuata. Kwa mtu mzima wa afya badiliko hilo ni dogo. Hatari ipo kwa mwenye kasoro ya kurithi katika mwendo wa moyo, na wengi wenye kasoro hiyo hawajui kwamba wanayo mpaka siku wanapoanguka.

Nchini Marekani, idadi ya waliofikishwa katika idara za dharura za hospitali kwa sababu zinazohusiana na vinywaji hivi ilikadiriwa kuwa 10,068 mwaka 2007, ikafika 20,783 mwaka 2011. Zaidi ya theluthi moja ya hao wa mwaka 2011 walikuwa wamechanganya kinywaji na pombe au dawa nyingine.

Kuchanganya enaji na pombe kali, desturi iliyoenea pia katika baa za Afrika Mashariki, kuna hatari ya pekee. Kafeini haipunguzi kilevi kilichomo damuni. Huondoa usingizi tu, na usingizi ndio ambao ungemfanya mnywaji aache glasi. Hivyo mtu hujiona yuko sawa, huongeza kunywa, kisha hushika usukani au pikipiki. Mnamo Novemba 2010 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani (FDA) iliziandikia kampuni nne kuwa kafeini waliyoitia katika vinywaji vyao vya kilevi haikuwa halali.

Madhara mengine hutokana na sukari na asidi: unene, uwezekano mkubwa zaidi wa kisukari cha aina ya pili, na kulika kwa tabaka gumu la nje la meno. Vinywaji visivyo na sukari havina hatari mbili za kwanza lakini asidi yake hubaki.

Sheria katika nchi mbalimbali

Sheria za mwanzo zililenga taurini. Ufaransa ilizuia Red Bull kwa miaka mingi. Mwaka 2004 Mahakama ya Ulaya haikuilaumu kwa kuzuia vinywaji vya namna hiyo, lakini mwaka 2008 zuio liliondolewa. Denmark na Norwei zilifungua milango mwaka 2009. Taurini ilipoonekana kuwa haina kosa, mjadala ulihamia kwenye kafeini na umri wa mnywaji, mahali ambapo pengine ungeanzia.

Tangu Desemba 2014 Umoja wa Ulaya unataka kila kinywaji chenye zaidi ya miligramu 150 za kafeini kwa lita, isipokuwa kahawa na chai, kiandikwe kwamba kina kafeini nyingi na hakipendekezwi kwa watoto, wajawazito na wanaonyonyesha. Lithuania ilipiga marufuku kuwauzia walio chini ya miaka 18 mwaka 2014, Latvia ikafuata mwaka 2016, na Poland Januari 2024. Nchini Uingereza maduka makubwa yaliamua yenyewe mwaka 2018 kutowauzia walio chini ya miaka 16. Australia na New Zealand zimeweka kikomo cha miligramu 320 kwa lita.

Nchi za Ghuba zimetumia kodi. Saudia ilizuia matangazo ya vinywaji hivi mwaka 2014, kisha mwaka 2017 ikaweka ushuru wa asilimia 100. Falme za Kiarabu zilifanya vivyo hivyo mwaka huohuo, na Omani mwaka 2019.

Katika michezo, kafeini iliondolewa mwaka 2004 katika orodha ya dawa zinazokatazwa na shirika la kimataifa la kupambana na dawa za kusisimua misuli (WADA), ingawa matumizi yake yanaendelea kufuatiliwa.

Afrika Mashariki

Zamani vinywaji hivi vilikuja kwa makopo ya bei kubwa na kuonekana katika maduka makubwa na hoteli tu. Hali ilibadilika viwanda vya kanda vilipoanza kuvitengeneza katika chupa za plastiki za bei nafuu. Azam Energy na Mo Xtra hupatikana katika maduka ya mtaani Tanzania. Rock Boom na Sting zimeenea Uganda, na Predator Kenya. Wanywaji wake ni waendesha bodaboda, madereva wa malori, walinzi wa usiku, vibarua wa ujenzi, na wanafunzi wanaokesha kabla ya mitihani. Kwa mwanafunzi faida ni ndogo kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu ubongo huimarisha kumbukumbu ya yaliyosomwa wakati wa usingizi.

Ubora husimamiwa na mashirika ya viwango: TBS nchini Tanzania, ambalo tangu 2019 linasimamia pia usalama wa chakula, KEBS nchini Kenya na UNBS nchini Uganda. Alama ya shirika kwenye chupa huonyesha kwamba bidhaa imekidhi kiwango kilichowekwa. Haimaanishi kwamba inamfaa mtoto. Kwa hilo msomaji hutegemea maandishi madogo ya lebo, na huko kafeini mara nyingi hutajwa kwa kila mililita 100. Ni lazima kuzidisha ili kupata kiasi cha chupa nzima. Kwa mfano, miligramu 32 kwa mililita 100 katika chupa ya mililita 300 ni miligramu 96.

Lebo nayo ina mipaka yake. Mamlaka ya dawa ya Uganda ilipokea malalamiko ya mtu aliyepatwa na jasho jingi na dalili nyingine zisizo za kawaida baada ya kunywa kinywaji kimoja cha kuongeza nguvu kilichotoka Zambia. Vipimo vilikuta ndani yake sildenafili, dawa ya kutibu upungufu wa nguvu za kiume, ambayo haikutajwa popote kwenye chupa. Dawa hiyo huweza kushusha shinikizo la damu kwa ghafla na kuua ikikutana na dawa za nitrati wanazopewa wagonjwa wa moyo. Uchunguzi uliofanywa kwa ajili ya Zambia ulithibitisha matokeo hayo, na mwanzoni mwa 2019 utengenezaji wa kinywaji hicho ulisimamishwa.