Chura wa Irangi anahesabiwa vipi?

Karurumo ni mji mdogo wa Kaunti ya Embu, kwenye barabara ya kwenda Meru. Ukipanda kutoka huko kuelekea Mlima Kenya unafika kwenye majani chai, kisha msitu wa Irangi. Msitu huo umempa jina chura mmoja, Phrynobatrachus irangi, aliyetambulishwa rasmi kwa wanasayansi mwaka 2000 na Robert Drewes na Jean-Luc Perret. Yumo katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka.

Nikimtaja, watu huniuliza: nani huhesabu vyura, tena gizani?

Hakuna awahesabuye mmoja mmoja. Hukadiriwa. Tuseme leo usiku mmefuata kijito na tochi mkakamata vyura 40, mkawatia alama na kuwaachia palepale. Baada ya siku chache mnarudi, mnapata 50, na 10 kati yao wana alama. Yaani mmoja kwa kila watano. Basi wale 40 wa kwanza ni kama sehemu ya tano ya wote, na wote ni karibu 200. Hesabu ya shule ya msingi.

Ugumu uko kwenye masharti yake. Wasiwe wamehama au kufa kwa wingi hapo katikati, alama zisifutike, na wenye alama wasiwe wepesi au wagumu kukamatwa kuliko wenzao. Halafu kuna mvua. Usiku mkavu vyura hujificha, kwa hiyo asiyeandika hali ya hewa atalinganisha masika na kiangazi na kudhani vyura wameisha.

Kinachonisumbua zaidi ni sifuri. Kutomwona chura si ushahidi kwamba hayupo. Ikiwa yupo, na uwezekano wa kumwona kila usiku ni 3 kati ya 10, basi mnaweza kwenda usiku tano mfululizo mkatoka mikono mitupu, na hilo hutokea karibu mara 17 katika 100. Mkienda usiku kumi, hushuka hadi kama mara 3. Ndiyo maana ziara moja ya mgeni mwenye kamera haitoshi kutangaza chochote.

Kuhesabu kila mara kuna faida gani? Tazama Kihansi, Tanzania. Chura wa huko aligunduliwa mwaka 1996. Bwawa la umeme lilipoanza kazi mwaka 2000, rasharasha za maporomoko alizozitegemea zilipungua sana. Mwaka 2003 alikadiriwa kufikia 20,000 hivi, na katika muda mfupi idadi ikaporomoka. Ugonjwa wa kuvu ulikutwa mwaka huohuo. Mwaka 2009 alitangazwa kutoweka porini. Aliponea kwa sababu vyura 499 walikuwa wamepelekwa Marekani mapema, na vizazi vyao vikaanza kurudishwa mwaka 2012. Bila hesabu za mfululizo, anguko lile lingejulikana kwa kuchelewa.

Na sisi wa Pwani tusijione mbali. Shimba Hills, Kwale, kuna chura wake, Afrixalus sylvaticus, naye yu hatarini. Sensa ya wanyamapori ya mwaka 2021 ilijikita zaidi kwa wanyama wakubwa, kwa maana tembo huonekana kutoka kwenye ndege. Chura anahitaji vijana wa vyama vya misitu, Irangi na Kwale, wenye tochi, kipima mvua na daftari, wanaolipwa kurudi kijito kilekile kila mwezi.