Gego langu lingeweza kupona?

Wadau, mwaka jana gego la chini lilinitesa siku tatu sijalala. Nikaenda zahanati moja hapa Dar (jina nalihifadhi). Daktari hakupiga hata eksirei. Akachungulia, akasema, "Hili tung'oe." Likang'olewa.

Baadaye mshkaji wangu anayesomea meno akaniambia huenda lingepona, ila kazi yake si mchezo. Gego la kwanza la chini kwa kawaida lina mizizi miwili, na ndani yake mifereji mitatu, wakati mwingine minne, myembamba mno tena imepinda. Daktari anatakiwa aipate yote, aisafishe kwa visindano laini, aioshe kwa dawa, aizibe hadi karibu na ncha ya mzizi, kisha alijenge jino upya na kulivika kofia. Akikosa mfereji mmoja, usaha unaweza kurudi. Akilazimisha kisindano, kinakatikia humo humo!

Hayo huyapati kwenye daftari. Ndiyo maana wanafunzi huanza kwa kuchonga meno yaliyokwisha kung'olewa, na meno ya plastiki kwenye kichwa cha bandia (ukikutana nacho usiku utatoka nduki), mwalimu akikagua kila hatua. Hata aliyehitimu zamani inabidi arudi kwenye mazoezi hayo, maana mkono usipozoea, unakimbilia koleo. Pale Muhimbili, MUHAS wanafundisha fani hii hadi shahada ya uzamili.

Mimi sasa natafunia upande mmoja. Nyie je, mliwahi kuambiwa jino linaokoleka, au ilikuwa koleo moja kwa moja? Tiririkeni.